Kurekodi saksafoni, filimbi au klarineti nyumbani bila kuvunja kibubu

Mpulizaji wa saksafoni anayepiga harusini Jumamosi na kanisani Jumapili siku hizi anaweza kupata kazi ya tatu bila kutoka nyumbani. Prodyuza anamtumia biti kwenye simu, yeye anapuliza juu yake, anarudisha faili, analipwa.

Shida huanzia kwenye hilo faili. Likifika na mwangwi wa bafuni, mlio wa feni na noti za juu zilizopasuka, prodyuza hatapiga kelele. Atatafuta mtu mwingine, au ataweka saksafoni ya kompyuta na biashara iishie hapo.

Ndipo wengi wanapokimbilia dukani na kurudi na kile kifurushi cha "studio kamili": maiki yenye pete ya rangi ya dhahabu, mkono wa kubana mezani, sponji, na waya unaochomekwa kwenye tundu la hedifoni. Wiki mbili baadaye akiba imeisha na mwangwi uko palepale.

Jambo ambalo muuzaji hana sababu ya kulisema ni kwamba kwa ala za kupuliza, maiki inakuja namba tatu. Inatanguliwa na chumba, na mahali maiki ilipowekwa. Hivyo viwili karibu ni bure.

Sauti haitoki pale unapodhani

Filimbi, klarineti, obo na zumari la pwani ni ndugu wa familia moja. Saksafoni nayo imo, ingawa mwili wake ni wa shaba, kwa sababu sauti yake huanzia kwenye ulimi wa mwanzi ambao wapulizaji wengi wanauita ridi.

Tofauti yao na tarumbeta ni kubwa linapokuja suala la kurekodi. Tarumbeta hutoa sauti yake yote kupitia mdomo mpana wa mbele. Saksafoni na klarineti hutoa sehemu kubwa ya sauti kupitia matundu yaliyo wazi mwilini. Noti ya chini kabisa, matundu yote yakiwa yamefungwa, ndiyo hutokea kwenye mdomo wa mbele. Vidole vikianza kufunguka, sauti inahamia juu, kwenye matundu ya kwanza yaliyo wazi.

Kwa hiyo maiki iliyotumbukizwa kwenye mdomo wa saksafoni inapata noti za chini zinazonguruma, halafu za kati zinasikika nyembamba kana kwamba zimepigwa na mtu mwingine. Maiki ndogo za kubana kwenye saksafoni zina udhaifu huohuo kwa kiasi fulani. Jukwaani zinasaidia sana kwa sababu mpulizaji anatembea. Chumbani, ambako hatembei, hazina faida hiyo.

Kwa saksafoni, maiki iwe umbali wa nusu mita hivi, juu kidogo ya mdomo wa mbele, ikielekea katikati ya mwili wa ala, pale kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Chumba kikiwa kimetulia vizuri, inaweza kurudi nyuma hadi mita moja na sauti ikawa ya asili zaidi.

Klarineti ni karibu hivyohivyo: sentimita 40 hadi 50, maiki ikitazama mikono inapokutana. Ikisogezwa karibu mno inaanza kurekodi kugonga kwa vibonye kuliko muziki.

Filimbi inataka akili kidogo. Sauti yake hutoka kwenye tundu la mdomo na kwenye matundu yaliyo wazi, lakini mpulizaji anarusha hewa kuelekea mbele. Maiki ikiwekwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa hiyo, faili litajaa "fuu, fuu". Iwekwe usawa wa paji la uso au juu zaidi, ikiinama kutazama kati ya mdomo na mkono wa kushoto, umbali wa sentimita 30 hadi 50.

Na zumari? Lile lilitengenezwa kushindana na ngoma uwanjani. Lisogelewe kwa adabu: mita mbili, ikiwezekana uani badala ya chumbani.

Vipimo hivi ni pa kuanzia tu. Njia ya uhakika ni kurekodi kipande kilekile cha sekunde kumi mara nne, maiki ikiwa sehemu nne tofauti, huku mpulizaji akitamka kwa sauti kabla ya kila kimoja: "juu ya mdomo", "katikati", "upande wa kulia". Akisikiliza baadaye kwa hedifoni atachagua mwenyewe. Hiyo ni nusu saa ya kazi, na mara nyingi inaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha maiki ya dola 50 kwa ya dola 200.

Chumba: toka sebuleni

Nyumba nyingi za mjini ni tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Sauti inagonga kila upande na kurudi. Anayeishi humo haioni shida, kwa sababu ubongo unachuja. Maiki haichuji chochote.

Kipimo ni rahisi: piga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likijibiwa na mlio mfupi wa kutetemeka, chumba hicho kitasikika kwenye kila noti.

Chumba cha kulala karibu kila mara kinaishinda sebule. Kuna godoro, nguo, mapazia, pengine zulia. Fungua mlango wa kabati la nguo, nguo zenyewe zinameza sauti. Epuka kona, na usisimame katikati kabisa ya chumba.

Sasa suala la blanketi, ambalo wengi wanalifanya kinyume. Maiki nyingi za bei nafuu zinasikia vizuri mbele na vibaya nyuma. Mbele ya maiki yupo mpulizaji, na nyuma ya mpulizaji upo ukuta. Blanketi zito linatakiwa kuning'inizwa huko, nyuma ya mgongo wake, siyo nyuma ya maiki. Mawili yaliyokunjwa pamoja ni bora kuliko moja, na yakiachwa sentimita kumi hivi kutoka ukutani yanafanya kazi zaidi kuliko yakigusana nao.

Trei za mayai ziachwe zibebe mayai. Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo milio mikali ya juu na kuacha ile ya kati na ya chini, ambako saksafoni na klarineti zinaishi. Isitoshe, ukuta mzima wa karatasi kavu ni hatari ya moto.

Na blanketi halimlindi jirani. Kupunguza mwangwi ndani ni jambo moja, kuzuia sauti isitoke nje ni jingine kabisa, linahitaji kuta nzito na milango isiyo na upenyo. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, dawa ni kukubaliana na majirani saa. Saa hiyo pia izingatie bodaboda, jogoo, spika za mtaani, na bati wakati wa masika. Mvua ikianza kugonga bati, hakuna maiki duniani itakayookoa hali.

Feni na friji vizimwe kabla ya kurekodi. Ufunguo wa gari au wa nyumba uwekwe ndani ya friji iliyozimwa, ili mtu asisahau kuiwasha akiondoka. Ni ujanja wa zamani na unaokoa nyama.

Simu yako ni studio ya kwanza

Kabla ya kutumia hata shilingi, simu iliyopo mfukoni ijaribiwe ipasavyo. Ikishindwa, angalau itajulikana imeshindwa wapi.

Tatizo la simu mara nyingi si maiki yake, ni ubongo wake. Imetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Inapunguza sauti ikipanda, inaipandisha ikishuka, na inafuta chochote inachodhani ni kelele. Noti ndefu tulivu ya filimbi, kwa simu, inafanana sana na mlio wa feni. Inaanza vizuri halafu inafifia yenyewe.

Ndiyo maana app ya kawaida ya kurekodi sauti haifai, na voice note ya WhatsApp haifai zaidi. BandLab inapatikana bure kwa Android na iPhone. GarageBand ni ya bure kwa iPhone. Zote zinaruhusu kuweka biti na kurekodi juu yake. Kwenye mipangilio, chochote kinachoitwa kupunguza kelele au kurekebisha sauti chenyewe kizimwe.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, imesimamishwa juu ya kitambaa, tundu lake la maiki (kwa simu nyingi lipo chini, karibu na tundu la chaji) likimtazama mpulizaji. Saksafoni ina nguvu, hivyo mita moja hadi moja na nusu inatosha. Kama sauti bado inapasuka, rudi nyuma zaidi.

Kwa mazoezi, kwa klipu za mitandaoni, hata kwa kuomba nafasi kwenye bendi, hapa panaweza kutosha. Kwa kazi ya kulipwa, bado kidogo.

Maiki ya kwanza ya kununua

Kuna aina mbili zinazomhusu mpulizaji mwenye bajeti ndogo.

Dainamiki ni ngumu, haihitaji umeme wa ziada na inastahimili sauti kubwa. Kondensa ni nyepesi kuhisi, inachukua pumzi, inachukua vibonye, inachukua pia mtoto wa jirani anayelia. Kondensa za studio zinahitaji umeme wa volti 48 unaopitia kwenye waya wake mnene wa XLR. Ndiyo sababu zile za kwenye kifurushi, zikichomekwa kwenye tundu dogo la hedifoni, hutoa sauti hafifu iliyojaa mvumo: mara nyingi hazipati umeme unaotakiwa.

Kwa saksafoni kwenye nyumba yenye kelele, dainamiki. Hili halina mjadala mkubwa. Ala yenyewe ina sauti ya kutosha, na maiki isiyohisi sana inaweza kusogelewa bila kupasuka. Kadiri inavyosogelewa, ndivyo chumba na mtaa vinavyobaki nyuma.

Kwa filimbi na klarineti kwenye chumba kilichotulia, kondensa inaonyesha uzuri zaidi. Chumba kikiwa hakijatulia, inaonyesha ubaya zaidi.

Mtu asiyetaka kuchagua mara mbili aangalie dainamiki zenye njia mbili, USB na XLR kwa pamoja, kama Samson Q2U au ATR2100x ya Audio-Technica. Leo inachomekwa kwenye simu au laptopu kwa USB. Mwakani ikipatikana saundi kadi, maiki ileile inaendelea kwa XLR. Zote mbili zina tundu la hedifoni kwenye maiki yenyewe, kwa hiyo mpulizaji anajisikia bila kuchelewa. Kwa anayeanza kutoka sifuri, huu ndio ununuzi wenye busara zaidi kwenye makala hii.

Kabla ya kulipa, chomeka kwenye simu yako mwenyewe. Simu nyingi za Android zinahitaji kiunganishi cha OTG, na si zote zinazokubali maiki za USB. iPhone zina tundu la USB-C kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023. Za nyuma yake zinahitaji adapta.

Ukiwa na laptopu

Njia ya pili ni saundi kadi ndogo na maiki ya XLR. Behringer UM2 na UMC22 ni za bei ya chini, zina umeme wa volti 48, na zinarekodi kwa biti 16, kiwango cha CD. Kwa saksafoni moja juu ya biti, inatosha. Scarlett Solo ya Focusrite ni ghali zaidi na inarekodi kwa biti 24, jambo linalosaidia kwa ala inayonong'ona na kufoka ndani ya wimbo mmoja, maana mtu anaweza kurekodi chini chini bila kuogopa mvumo.

Kwenye upande wa maiki, Behringer XM8500 ni dainamiki ya bei ya chakula cha familia hotelini, na kwa saksafoni inafanya kazi ya kushangaza. Juu yake kuna Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo bado iko karibu kila studio. Kwa wa filimbi na klarineti, AT2020 ya Audio-Technica ni kondensa ya kuanzia isiyo na makeke.

Kuhusu fedha: XM8500, UM2, waya na stendi ya kawaida vyote pamoja vimekuwa vikizunguka dola 100 kwenye maduka ya Marekani, kiasi ambacho kwa miaka mingi ndicho bei ya SM57 peke yake. Huku ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Stendi isidharauliwe. Maiki nzuri iliyofungwa kwa selotepu kwenye kiti haiwezi kuwekwa pale inapotakiwa, na kwa filimbi inatakiwa iwe juu ya kichwa.

Laptopu iendeshwe kwa betri wakati wa kurekodi. Mara nyingi ule mlio wa "mmmm" unaosikika chini unatokana na chaji, na umeme ukikatika katikati ya wimbo, kazi haipotei. Programu si lazima inunuliwe: Audacity ni bure, na Reaper inatoa siku 60 za kujaribu kabla ya leseni ya dola 60 kwa mtumiaji mdogo.

Feki na mitumba

Kwa wanaonunua Kariakoo, Luthuli au kwenye magrupu ya mtandaoni, SM57 na SM58 mpya kwa robo ya bei si bahati. Shure yenyewe imekuwa ikionya kuhusu maiki bandia zenye jina lake. Uzito mwepesi, maandishi yaliyopinda na sanduku lenye makosa ya tahajia ni dalili, lakini feki nzuri zinazificha zote. Afadhali XM8500 halali kuliko SM58 ya uongo kwa bei ileile.

Mtumba wa dainamiki ni salama kiasi, kwa kuwa hazifi kirahisi. Ipulizie, itingishe, isikilize dakika nzima dukani. Kondensa ya mtumba iliyokaa miaka kwenye joto na unyevu wa pwani inahitaji tahadhari zaidi. Ikipasukapasuka bila sababu, iache.

Hedifoni za waya, tafadhali

Hedifoni za Bluetooth zinachelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kutazama filamu haisumbui. Kwa kupuliza juu ya biti, kila noti itaingia kwa kuchelewa na mtu atadhani amesahau muziki.

Zinatakiwa za waya, zinazofunika sikio zima, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. ATH-M20x ya Audio-Technica ni mfano wa bei nafuu. Wapulizaji wengi huacha sikio moja wazi ili wasikie tuni yao halisi. Basi upande huo wa hedifoni ukandamizwe kichwani, usining'inie ukimwaga biti chumbani.

Kabla ya kutuma

Ala ipulizwe dakika kadhaa kwanza. Ikiwa baridi inakuwa chini ya tuni, ikipata joto inapanda, na noti ya kwanza ikitofautiana na ya mwisho prodyuza atasikia.

Geini ipimwe kwa sehemu yenye nguvu kuliko zote kwenye wimbo, siyo kwa mazoezi ya upole. Kilele kikifika kati ya -12 na -6 kwenye mita ya programu, pametosha. Ikigusa sifuri, imepasuka na hairudi.

Ngurumo za malori na hatua za watu ghorofani zinaweza kukatwa kwa kichujio cha sauti za chini kikiwekwa kwenye hezi 80. Noti ya chini kabisa ya filimbi ya kawaida ipo karibu na hezi 262, klarineti ya B flati 147, saksafoni alto 139 na tena 104, kwa hiyo hakuna muziki unaopotea. Baritoni tu ndiyo iachwe, maana hushuka chini ya 70.

Mwangwi wa kupamba, kompresa na madoido mengine vibaki kwa prodyuza. Anachotaka ni faili la WAV, mono, lisilopambwa, lililoanza sekunde ileile biti inapoanza hata kama saksafoni inaingia dakika ya pili. Liitwe kwa jina la wimbo, kasi na ala. Kwenye WhatsApp litumwe kama dokumenti, siyo kama sauti. Akiuliza ufunguo, atajiwe ule wa piano. Do ya alto si do ya prodyuza, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri hurudiwa upya.